Grupu za WhatsApp na usalama wa simu mjini Goma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Goma ina grupu za simu nyingi kuliko avenyu zake: ya familia, ya kartie, ya kwaya, ya wazazi wa shule, ya AVEC (chama cha kuweka akiba na kukopeshana), ya wenzako mliomaliza pamoja sekondari, na ile ya matanga iliyofunguliwa kwa wiki moja, lakini mpaka leo kuna mtu anatuma humo picha za maua kila asubuhi. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi zaidi. Utaona kwamba majibu mengi yanaelekea upande mmoja: anayekuumiza kwenye grupu mara nyingi hana ujuzi wowote wa kompyuta. Ana jina unaloliamini, na anajua una haraka.

Mtu anawezaje kuiba WhatsApp yangu wakati simu iko mfukoni mwangu?

Akaunti ya WhatsApp imefungwa kwenye namba, si kwenye chombo. Anayeitaka anaandika namba yako katika simu yake, na WhatsApp inatuma kode ya tarakimu sita kwa SMS kwenye laini yako. Anachokosa ni hiyo kode tu, kwa hiyo anaiomba. Wala haombi kama mwizi. Anakuandikia kupitia akaunti ya mtu wako, ambayo aliichukua jana: "Shangazi, samahani, kode yangu imekuja kwako kwa makosa, nirudishie haraka." Unaona picha ya mtoto wa kaka yako, unatuma, na muda si muda wewe uko nje na yeye yuko ndani ya grupu zako zote, akibeba jina lako.

Mazungumzo ya zamani hayaoni, maana yamehifadhiwa ndani ya simu yako. Lakini majina ya grupu, namba za wanachama na kila kinachoandikwa kuanzia saa hiyo, anaviona. Inamtosha. Kwenye grupu ya familia ataandika kwamba ana mgonjwa na anahitaji dola hamsini mpaka jioni. Kwenye ile ya AVEC ataandika kwamba michango ya wiki hii ipitie namba mpya.

Kuna njia ya pili ambayo wengi hawaijui. Mtu anakupigia akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu, anakuambia mtandao wako una tatizo, kisha anakuamuru upige namba inayoanza na nyota mbili na 21. Ukiipiga, simu zote zinazokuja kwako zinaelekezwa kwake. Hapo anaomba WhatsApp imsomee kode kwa kupiga simu badala ya SMS, na simu hiyo inalia kwake. Kama umeshaingia katika mtego huo, piga ##002#: inafuta maelekezo yote ya aina hiyo.

Kinga ni moja na haina malipo. Fungua "Paramètres", kisha "Compte", kisha "Vérification en deux étapes", uweke namba ya siri ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe. Ongeza na barua pepe yako, ili ukiisahau namba hiyo uweze kuirudisha. Mwaka wako wa kuzaliwa usiutumie. Nusu ya grupu ilikuimbia mwezi uliopita ulipofikisha miaka arobaini.

Imeshaibwa. Nifanye nini kwanza?

Fungua WhatsApp kwenye simu yako, andika namba yako, ingiza kode mpya itakayokuja kwa SMS. Papo hapo mwizi anatolewa. Ikiwa amewahi kuweka namba yake ya siri, WhatsApp itakuomba hiyo namba usiyoijua, na utasubiri siku 7 ndipo uruhusiwe kuingia bila hiyo. Usifadhaike na siku hizo: wewe bado uko nje, lakini na yeye yuko nje.

Wakati huo huo, pigia watu simu ya kawaida. Anza na mtunza hazina wa AVEC au wa likirimba (mchango wa kupokezana), kisha wasimamizi wa grupu kubwa, wakuondoe kwa muda. Usione haya. Kila saa unayoipoteza kwa kuona haya, mwizi anaitumia. Aliyekwisha kutuma pesa apigie kampuni ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money mara moja, maana pesa ikiwa bado ndani ya simu ya mpokeaji kuna nafasi ya kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, nafasi hiyo ni ndogo mno.

Binamu yangu anaomba pesa kwenye grupu. Nitajuaje ni yeye kweli?

Mpigie. Si kwa WhatsApp: kwa simu ya kawaida, kwenye namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Asipopokea, pigia mke wake au mtu anayeishi naye.

Hapa Goma mtego huu una urahisi wake. Wengi wetu tuna laini mbili, moja ya +243 (Kongo) na nyingine ya +250 (Rwanda), kwa sababu leo uko Birere hapa mjini na kesho umevuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Gisenyi. Kwa hiyo mtu akikuandikia "nimebadilisha namba, niko upande wa pili," unakubali bila kufikiri. Ni maelezo ya kweli mara nyingi, na ndiyo sababu wadanganyifu wanayapenda. Namba mpya isiyofuatana na sauti usiisajili kwa jina la binamu yako.

Na sauti pia uisikilize vizuri. Siku hizi zipo programu zinazoiga sauti ya mtu kutokana na rekodi fupi, na sisi tumejaza odio zetu kila mahali. Usitosheke na kusikia, uliza. Muulize jambo la nyumbani ambalo halijawahi kuandikwa popote, kama nani aliyemwaga uji kwenye harusi ya dada yenu. Kama ni yeye atacheka. Kama si yeye atakasirika na kusema hana muda.

Nimepata SMS kwamba nimeingiziwa pesa, halafu mtu anapiga analia kwamba amekosea namba. Nimrudishie?

Angalia salio lako kwanza, usiangalie SMS. Ujumbe wa uongo unaandikwa na yeyote, salio haliandikwi. Kama salio halijaongezeka, hakuna pesa iliyoingia. Kama limeongezeka kweli, mwambie apitie kampuni ya simu ili wao wenyewe warudishe. Aliyekosea kwa kweli atakubali njia hiyo, hata kama atanung'unika.

Tangu benki zilipofungwa mjini Januari 2025, watu wengi wamehamishia maisha yao yote kwenye simu: mshahara, ada ya shule, kodi ya nyumba. Wadanganyifu nao waliliona hilo.

Odio inasema mlima utalipuka usiku huu. Niisambaze, hata kama sina uhakika, ili watu wajiokoe?

Hapana. Lakini swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu anayeuliza si mjinga na si mwoga.

Mji huu una kumbukumbu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, ikakata sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila makao. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima ulitoka tena; lava ikasimama pembeni mwa mji, upande wa Buhene. Siku tano baadaye, alfajiri ya 27 Mei, mkoa ukaamuru kartie 10 kati ya 18 zihame, na watu wakashika njia ya Sake, ya Minova, ya Gisenyi, na vitanda vichwani. Nani atakulaumu kwa kushtuka? Na kwa sababu hiyo hiyo odio ya kubuni inawaka hapa haraka kuliko mahali ambapo mlima ni picha tu kwenye kalenda. Anayeitunga anajua kwamba woga wako una sababu.

Basi isikilize tena ukiwa umetulia. Nani anazungumza? Kama ni "daktari mmoja wa mlima" au "rafiki yangu wa serikalini", huyo si mtu. Imerekodiwa lini? Neno "leo" kwenye odio halichakai: odio ya miaka mitatu iliyopita ikifika kwako asubuhi hii, inasema "leo usiku" kwa sauti ile ile mbichi. Kama ni video na unaona lava inapita katikati ya mji, basi si ya mlipuko wa 2021, kwa sababu mwaka huo lava haikufika huko. Na habari ya kweli ya mlima ina mahali inapotoka: OVG, kituo kinachochunguza volkano hapa Goma, chenye ngazi nne za tahadhari kwa rangi, yaani kijani, njano, rangi ya chungwa na nyekundu. Odio inayotisha bila kutaja rangi ya siku hiyo ni ya kutiliwa shaka.

Tazama pia juu ya ujumbe wenyewe. Mishale miwili iliyofuatana maana yake umeshapita mikono mingi kabla ya kukufikia. WhatsApp inakuzuia kuutuma ujumbe wa namna hiyo kwa zaidi ya mazungumzo mamoja kwa mara moja. Kizuizi kama hicho hakikuwekwa kwa kupenda kusumbua. Mwaka 2018 nchini India, uvumi wa watekaji wa watoto uliozunguka kwenye simu ulifanya watu wasio na hatia wauawe na umati barabarani. Ndipo kampuni ikaanza kupunguza usambazaji, kwanza huko India, kisha Januari 2019 duniani kote, hadi mazungumzo matano. Kwa ujumbe uliozunguka sana ikabaki moja, tangu Aprili 2020.

Kuna kitu cha kufanya badala ya kusambaza. Andika kwenye grupu: "Nani ameona kwa macho yake?" Halafu subiri. Mara nyingi kimya kinachofuata kinajibu.

Aliyetuma uongo ni baba mkwe. Nitamsahihishaje bila kumvunjia heshima?

Usimjibu mbele ya watu. Mtu mzima aliyesahihishwa mbele ya wajukuu hatakumbuka kosa lake, atakumbuka wewe. Mwandikie pembeni, na umwachie mlango wa kutokea: "Jambo baba, habari za asubuhi. Ile video uliyotutumia nimeona mahali wanasema ni ya zamani. Naogopa isije ikakuletea maneno. Ungeifuta tu." Anaweza kuifuta kwa wote kama haijapita siku mbili hivi tangu aitume.

Asipoifuta, andika kwenye grupu taarifa sahihi yenyewe, bila kutaja video na bila kumtaja yeye. Wenye kuelewa wataelewa. Na kama baba mkwe ni wa kutuma video kumi kwa siku, chagua ile moja inayoweza kuumiza mtu, zilizobaki umwachie. Dawa ya kitunguu saumu haijaua mtu.

Mimi sikutunga, nilipeleka tu kama nilivyopata. Sheria inaweza kunigusa?

Ndiyo. Sheria ya mambo ya kidijitali ya Kongo, Ordonnance-loi n° 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inamlenga anayeanzisha habari ya uongo dhidi ya mtu na vilevile anayeisambaza. Adhabu yake ni kifungo cha mwezi mmoja hadi sita, au faini, au vyote viwili. "Kama nilivyopokea" ni maneno tunayoyaweka chini ya ujumbe ili kujikinga. Hayakingi kitu.

Habari ya kifo imewekwa kwenye grupu kabla ya mtoto wa marehemu kuambiwa. Kosa ni la nani?

La aliyeandika kwanza, na la kila aliyeongeza "pole sana" bila kuuliza.

Kwetu habari ya kifo ina wabebaji wake. Anatumwa mtu mzima, anafika, anakaa, anaomba maji, anaanzia mbali. Wenye kupokea wanajua tangu alipokaa, lakini wanapewa muda. Grupu imeuondoa muda huo wote. Mtoto yuko masomoni Bukavu au Kampala, anafungua simu kati ya masomo mawili, anakuta mishumaa ishirini na picha ya baba yake, na simu ya mama yake bado haijaingia. Hakuna anayekusudia ubaya. Kila mtu anataka tu asionekane amechelewa kutoa pole, na mashindano hayo ya kuwahi ndiyo yanayoumiza.

Familia nyingi sasa zimeweka utaratibu: mtu mmoja ndiye anayetangaza, na wengine hawaandiki chochote, hata kwenye status, mpaka atangaze. Picha ya maiti haitumwi kabisa, wala ya ajali, wala ya mgonjwa mwenye mipira puani. Ukiikuta imetumwa, mwombe msimamizi aifute. Ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote kwa wote.

Tangazo la kifo linawavuta pia wadanganyifu. Wanajua kwamba siku hizo watu wanatuma pesa bila maswali, kwa namba ya mtu wasiyemfahamu vizuri, kwa uchungu. Namba ya michango itangazwe mara moja na mtu mmoja anayejulikana kwa sauti. Ikitokea "namba imebadilika", hakuna kutuma mpaka mtu apige simu nyumbani kwa matanga.

Jambo la mwisho ambalo hakuna anayependa kulitaja: namba ya marehemu iondolewe kwenye grupu baada ya muda. Kampuni za simu hurudisha sokoni laini zilizokaa bila kutumika, na siku moja mtu mwingine kabisa anaweza kuamka na namba hiyo.

Ni sawa kuweka orodha ya waliochanga na kiasi walichotoa?

Waliochanga, sawa, kama ndiyo desturi yenu. Wasiochanga, hapana. Orodha yenye majina na sifuri mbele yake inaitwa uwazi, lakini kazi yake ni kuaibisha. Mama anayeuza makala (makaa) Virunga hakukosa upendo wiki hii, alikosa mafranga. Atatoka kwenye grupu, na mtasema ana kiburi. Mtunza hazina ampigie kila mmoja pembeni, na grupu ipate jumla tu.

Ikitokea shaka juu ya pesa, mkutane ana kwa ana, na daftari mezani. Hakuna AVEC iliyowahi kupata hesabu yake kwa kutupiana odio saa tano za usiku.

Nimetuma kwenye grupu ya kwaya maneno niliyokuwa namwandikia rafiki, tena yanamhusu kiongozi wa kwaya.

Futa kwa wote, kisha mpigie kiongozi kabla hajapigiwa na wengine. Usiseme simu ilikuwa mkononi mwa mtoto. Kila mtu ameshatumia hiyo. Ikiwa ulikosea neno tu, una dakika 15 za kulisahihisha bila kufuta.

Si wanasema ujumbe wa WhatsApp umefichwa, hakuna anayeweza kuusoma?

Umefichwa njiani, tangu 2016: kati ya simu yako na simu ya anayepokea hakuna anayeusoma. Ukishafika, umefika. Grupu inaweza kuwa na watu hadi 1,024, na kila mmoja wao anaweza kupiga picha ya skrini, kumwonyesha mkewe, kumpa simu mtoto acheze. Ulinzi wa njiani haumzuii mtu aliyekaa ndani.

Halafu kuna nakala ya akiba inayohifadhiwa kwenye Google au iCloud, ambayo haifichwi kwa namna hiyo mpaka wewe mwenyewe uwashe ulinzi wake.

Katika grupu ya avenyu mtu anatuma odio za kutukana kabila fulani. Mimi ni msimamizi. Nifanyeje?

Futa kwa wote, mtoe mtuma, andika sentensi moja inayosema kwa nini, na usifungue mjadala. Mjadala ndio anaoutafuta.

Wasimamizi wengi wanaogopa hatua hii kwa sababu aliyetuma ni jirani, au ni mkubwa, au "alikuwa anapeleka tu". Fikiria basi na yule mwingine: kwenye grupu hiyo yumo jirani wa kabila linalotukanwa. Hajibu. Anasoma, anahesabu nani ameweka alama ya kicheko na nani amenyamaza, na ukimya wako wewe msimamizi anausoma kama jibu. Kivu imeona ya kutosha kujua kwamba odio za namna hiyo hazibaki ndani ya simu. Nchi yetu ina sheria dhidi ya ubaguzi wa rangi na ukabila tangu tarehe 7 Juni 1966, na sheria ya kidijitali ya 2023 imeipeleka adhabu hiyo hadi mtandaoni.

Ukimaliza kufuta, mpigie yule jirani. Usiandike, piga.

Naweza kupata matatizo kwa picha ambayo sikuituma mimi?

Unaweza, na watu wa Goma wanajua kwa nini swali hili linaulizwa. Simu inaweza kuangaliwa kwenye kizuizi, mpakani, au na mtu yeyote mwenye nguvu kuliko wewe siku hiyo. Anayeiangalia haulizi nani alituma. Anaona picha iko kwako.

Picha na video za grupu zinajipakua na kujihifadhi zenyewe kwenye galerie usipozizuia. Ingia "Stockage et données" uzime upakuaji wa moja kwa moja, kisha zima "Visibilité des médias" ili zisichanganyike na picha za watoto wako. Utaokoa na mega zako. Kwa grupu zenye makelele, washa ujumbe unaojifuta: baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Na grupu ambazo kazi yake ni kusambaza picha za vita, ondoka. Watu wenye silaha usiwapige picha, na usiandike walipo, hata kama unadhani unasaidia.

Naondokaje bila kuleta maneno?

Tangu 2022 ukiondoka, grupu nzima haitangaziwi. Wasimamizi ndio wanaoarifiwa. Kwa grupu ya familia hiyo haitoshi, kwa sababu shangazi ni msimamizi. Hapo nyamazisha arifa na uweke grupu kwenye kumbukumbu, haitakusumbua tena.

Ili usiongezwe ovyo: "Confidentialité", kisha "Groupes", uchague "Mes contacts". Kumbuka kwamba ukiongezwa, watu wote wa humo wanaiona namba yako. Wanawake wengi wanaopata ujumbe wa usiku kutoka kwa wasiowajua walipatwa na hilo kupitia grupu ya harusi au ya semina. Zuia, ripoti, na mwambie msimamizi jina lake. Ukimya wa kistaarabu humfundisha mtu wa namna hiyo kwamba anaruhusiwa.

Tangazo la kazi la shirika kubwa linaomba dola 20 za dosye (faili ya maombi). Ni la kweli?

Si la kweli. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hayatozi pesa katika hatua yoyote ya kuajiri, na shirika linalojiheshimu halichukui ada kwa M-Pesa ya mtu binafsi. Goma ina mashirika mengi na vijana wengi wenye diploma mkononi, ndiyo maana uongo huu hauishi. Usimcheke aliyelipa. Tangazo lilikuwa na nembo, muhuri, na lilitumwa na mwalimu wake wa zamani kwa nia njema.

Fomu za msaada kwa waliohama makazi zina ujanja ule ule. Kiungo kinachoomba namba ya siri ya M-Pesa ili "kukuandikisha" kinaandikisha pesa zako kwenda kwa mwingine.

Kijana wangu anajiandaa kwa Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na ameingizwa kwenye grupu inayouza maswali.

Wanauza karatasi waliyoitunga wenyewe, au ya mwaka mwingine. Baada ya kulipa wanamtoa, au wanamtaka aongeze. Hawezi kulalamika popote, kwa sababu alikuwa anataka kuiba mtihani. Hilo ndilo wanalolitegemea. Zungumza naye kabla ya msimu wa mitihani, si baada. Kuhusu umri, WhatsApp inataka mtumiaji awe na miaka 13 angalau. Mtoto anayetumia simu ya mama yake anasoma na grupu za mama yake. Hilo wazazi wengi hawalifikirii.

Mtu ana picha zangu za faragha na anatishia kuzituma kwenye grupu ya familia nisipolipa.

Usilipe. Anayelipwa mara moja anarudi. Usifute mazungumzo kabla ya kupiga picha za skrini zenye namba yake, tarehe na vitisho, maana huo ndio ushahidi. Kisha mzuie, na umwambie mtu mmoja mzima unayemwamini. Mtishaji ana nguvu kwa sababu uko peke yako na siri hiyo, na mara nyingi kaka au shangazi akijua mapema, tishio linapoteza nusu ya uzito wake.

StopNCII.org, iliyoanza 2021, inatengeneza alama ya picha yako ndani ya simu yako mwenyewe, bila kuipakia picha popote, na majukwaa kama Facebook, Instagram na TikTok yanaitumia alama hiyo kuzuia picha isipandishwe. Ni ya wenye miaka 18 na zaidi. Kwa walio chini ya hapo ipo huduma kama hiyo iitwayo Take It Down. Picha ya kuonekana mara moja tu nayo haina uhakika: mtu anaipiga kwa simu ya pili.

Na wewe uliyeikuta picha ya namna hiyo kwenye grupu, usiifungue mara ya pili, usimwulize mtu "umeona?" Ifute.

Nahisi mtu wa nyumbani anasoma mazungumzo yangu.

Fungua "Appareils connectés". Chombo chochote usichokijua kilichoorodheshwa hapo, kitoe. Mtu akishika simu yako dakika moja anaweza kuunganisha kompyuta, na itaendelea kusoma bila kukuomba ruhusa tena. Kama ni mume au mke, kukitoa chombo ni kazi ya sekunde mbili. Mazungumzo yanayofuata ni marefu, na si ya ukurasa huu.

Nataka kuuza simu yangu Birere. Nianzie wapi?

Hamisha kwanza namba na picha unazozihitaji. Toa akaunti ya Google, kisha rudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Kufuta picha moja moja hakutoshi, zinaweza kurudishwa. Laini yako itoe mwenyewe kabla mnunuzi hajaishika simu. Halafu angalia upande wa pili wa kile kisahani cha laini: kadi ndogo ya kumbukumbu iko pale, na picha zote za harusi ziko ndani yake.